Karani wa Mizani

Nilipewa kazi njema, karani wa kupimia,
Mizani ikishasema, kalamu yafuatia;
Watoto wakiinama, sikujua kujutia,
Pamba haina huruma, na mimi nilitulia.

Ubeti umetimia. Nane kwa nane,
vina vimekaa kama wanafunzi mbele ya mkaguzi.
Sitaandika wa pili.
Mizani niliyoijua mimi ilikuwa ya chuma, ya kutundika,
na Perdebay, mkuu wa brigedi, alikuwa ameifundisha uongo:
kilo mbili za unyevu, kilo moja ya takataka,
moja nyingine sijui ya nini, kata tu, Ulbosin, kata.
Nikakata.

Huko ni Karakalpakistani, kusini mwa Bahari ya Aral.
Mwezi wa tisa shule zilitiwa kufuli
na mabasi yakawaleta, na magodoro yao, na vikombe vya bati.
Waliopaswa kujifunza jedwali la kuzidisha
wakajifunza langu, la kutoa.

Sarbinaz alikuwa na miaka kumi na miwili.
Baba yake aliziba makopo katika kiwanda cha samaki
mpaka bahari ilipofungasha ikaondoka.
Sisi ndio tuliyachepusha maji ya Amu Darya, mfereji baada ya mfereji;
mto ukawa unafika pwani umechoka,
kisha haukufika.
Kiwanda kikaletewa samaki wa Baltiki, wamegandishwa,
wamesafiri kwa treni kuja kuzikwa kwenye makopo yetu.

Mama yake alimfungia glavu. Alizivua siku ya kwanza:
vidole vyenye glavu ni vizito,
na kila tumba lililokauka lina kucha tano.

Ndege yenye mabawa ya ghorofa ilipita kabla ya chai
ikamwaga dawa ya kupukutisha majani.
Ilinuka kitunguu saumu kilichooza.
Watoto waliipungia mikono.
Majani yalichukua siku sita kudondoka.
Watu huchukua muda zaidi.

Jioni moja gunia lilimleta yeye, si yeye aliyelileta.
Lengo lilikuwa arobaini.
Mizani ilisema arobaini na moja.
Nikaandika thelathini na saba.
Hakunitazama usoni, alitazama kalamu.
“Dada, arobaini siku hizi inaandikwa hivyo?”
Nikamwambia, bado tatu.
Akarudi shambani gizani, akapapasa,
akanywa mferejini kwa kiganja
kama tulivyokunywa wote.

Februari walimkunja katika sanda.
Nguo ya pamba, nyeupe, bila mshono;
ya shamba gani, nani ajuaye.
Puani pamba. Masikioni pamba.
Mimi pia nilikuwa na yangu masikioni, miaka mingi,
wala sikuwa nimekufa.

Sasa nimestaafu. Perdebay ana medali na pumu.
Upepo ukivuma kutoka ilikokuwa bahari
chumvi hutua juu ya nguo nilizoanika,
mashuka, shati la mjukuu;
nakung'uta, naanika tena, nakung'uta.
Ukilamba mdomo utadhani umelia.

Daftari bado ninalo.
Jana nilifungua ukurasa ule,
nikafuta 37 kwa raba ya mjukuu,
karatasi ikatoboka kidogo, nikaandika 41.
Kisha nikakaa na kilo nne mkononi
nisijue pa kuzipeleka.

Kilo nne za pamba, ukitoa mbegu,
ni kama mashati matano.
Mtu fulani, mahali fulani, aliyavaa hadi yakachakaa.
Simlaumu. Hayakuandikwa kitu shingoni
zaidi ya namna ya kuyafua.